Filimbi ya Jiwe la Tatu

Wadogo zangu wa karakana, mlipoamua kukusanya kumbukumbu za mafundi wa zamani mlifanya jambo la maana, ila mlianza vibaya. Mlikwenda kwanza kwa Sechelela. Mlimwomba aandike sehemu ya taa, naye akawajibu kwa ule upole wake unaoniudhi tangu zamani, "Nendeni kwa kaka Yona. Mambo ya taa muulizeni kaka Yona." Mkaja kwangu na daftari jipya na kalamu mbili. Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kufika kikombe cha pili nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kwa nini hamkuja kwangu kwanza.

Nawaambia mapema ili msije mkashangaa huko mbele: mimi ni mtu mwenye wivu. Si wivu wa mke, mke wangu atawathibitishia kwamba hajawahi kupata taabu hiyo. Wivu wangu ni wa kazi. Fundi mwingine akisifiwa mbele yangu, chakula hakipiti kooni. Nilipostaafu nilidhani na wivu nao utapewa barua yake. Bado uko kazini, na unawahi kuliko mlivyokuwa mkiwahi ninyi.

Nilifika karakana nikiwa na miaka ishirini na miwili. Si hii mnayoijua yenye sakafu ya saruji. Lilikuwa banda la mabati nyuma ya stoo ya dawa ya mradi wa afya, kando ya barabara ya kwenda Hombolo. Kazi yetu ilikuwa baiskeli za wahudumu wa afya wa vijijini. Kila mhudumu alikuwa na baiskeli yake, sanduku la dawa nyuma, na vijiji viwili au vitatu vya kuzungukia. Baiskeli ikilala kwetu wiki nzima, kuna mgonjwa mahali alikosa dawa wiki nzima. Hilo lilisemwa siku ya kwanza na halikurudiwa tena.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Ndahani, mtu mfupi, mkimya, aliyevaa koti hata kwenye jua la utosi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua baiskeli?"

"Najua, mzee."

"Kuiendesha au kuitengeneza?"

"Vyote."

"Ahaa. Basi shika hii."

Alinipa dainamo iliyojaa mchanga. Akasema ikiwaka nirudi kesho, isipowaka tuagane kwa amani. Nyinyi mmekulia kwenye taa za kuchaji, kwa hiyo niwaeleze: dainamo ni kichupa cha chuma kinachofungwa kando ya gurudumu. Kichwa chake kinasugua tairi, tairi likizunguka nacho kinazunguka, na umeme unakwenda kwenye taa ya mbele na ya nyuma. Hakuna betri wala kuchaji, kinachotoa umeme ni miguu yako. Niliifungua, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaikausha kwa kitambaa, nikaifunga, nikaifungua tena. Saa kumi jioni nilizungusha gurudumu kwa mkono na balbu ikawaka. Mzee Ndahani aliitazama, akasema, "Kesho uwahi." Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupata kwake, na kwa miaka mingi nilipima kila neno alilomwambia mtu mwingine kwa kulilinganisha na hayo mawili.

Nikawa mtu wa dainamo. Nilijua dawa ya kila ugonjwa wake. Kichwa kikiteleza kwenye mchanga, unakivalisha kipande cha mpira wa tyubu. Baiskeli ikiwa nzito ghafla, utakuta mtu ameifunga ikiwa imepinda, maana dainamo lazima ielekee katikati ya gurudumu kama mtu anayemtazama machoni anayezungumza naye. Waya usiuache unaning'inia, upitishe ndani ya madigadi, lile bati linalofunika tairi, la sivyo mbuzi wa kwanza atakayekutana nao ataula. Kuanzia Hombolo hadi Msalato waliniita Yona Dainamo. Nililipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo, Mungu anisamehe.

Sasa niwaeleze habari ya filimbi, kwa sababu mnaitumia lakini nahisi hamjui ilivyoanza. Mzee Ndahani hakuamini taa inayopimwa mezani. Alipaka chokaa mawe matatu kutoka langoni kwetu kuteremka hadi korongo la mchanga. Jiwe la kwanza lilikuwa hatua mia, la pili mia mbili, la tatu mia tatu, ukingoni kabisa mwa korongo. Giza likianza kuingia, fundi aliyefunga taa anaipeleka baiskeli kwenye jiwe la tatu na kuigeuzia lango mgongo. Mwenzake anasimama langoni na filimbi. Akiiona taa nyekundu, anapuliza. Asipopuliza, mwenye baiskeli anahesabu hadi hamsini, kisha anarudi jiwe la pili. Taa ya mhudumu ilikuwa haitoki karakana mpaka ionekane jiwe la tatu.

"Aliyebeba taa hajui kama anaonekana," mzee alituambia. "Anayejua ni huyu wa langoni peke yake. Kwa hiyo akishapuliza, au akishanyamaza, hakuna mabishano."

Dainamo tuliipima kwa kulipita jiwe la tatu tukiendesha, kwa sababu ukisimama taa inazimika. Ukisimama taa inazimika. Niliisema sentensi hiyo miaka kumi na tisa, kwa wahudumu, kwa wageni, kwa mafundi niliowafundisha, na sikuwahi kuisikia.

Aliyeisikia ni Sechelela.

Alikuja mwaka wangu wa kumi na tisa, mwanamke wa miaka ishirini na kitu kutoka upande wa Hombolo. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kupeleka zabibu mjini kwa baiskeli, kreti mbili nyuma na moja mbele. Mzee Ndahani alimuuliza swali lile lile aliloniuliza mimi, kama anajua baiskeli. Akajibu, "Najua kuisukuma, mzee."

Mzee akacheka. Nilikuwa sijawahi kuona meno ya Mzee Ndahani. Nilisimama pale na spana mkononi nikitazama meno ambayo nilikuwa nimeyafanyia kazi miaka kumi na tisa bila kuyapata, na mwanamke huyu ameyapata kabla hajagusa hata nati. Wivu wangu kwake ulianza saa hiyo. Naukumbuka kama mtu anavyokumbuka alipong'atwa na nge.

Kisha yakaja mengine. Mzee alimwita "mwanangu". Mimi aliniita Yona. Alimpa kigoda chake akalie wakati wa kufunga spoku. Mke wa mzee akileta ugali wa uwele na mlenda, bakuli lilianzia kwa Sechelela ndipo lifike kwangu. Mtaniambia haya ni mambo ya kitoto. Ni kweli, lakini niliyahesabu yote, na mpaka leo naweza kuwatajia siku.

Lililonichoma zaidi lilikuwa swali lake. Mhudumu alipokuja kuchagua taa, sisi tulimuuliza anakwenda umbali gani na anarudi saa ngapi. Siku moja alikuja dada Foibe, mhudumu wa vijiji vya ng'ambo ya korongo, mama wa watoto watatu, mcheshi, mwenye kuimba kwaya hata akiwa peke yake. Nilikuwa nimeshamwandalia dainamo nzuri. Sechelela akainua uso kutoka kwenye gurudumu alilokuwa akilinyoosha.

"Dada Foibe, huwa unashukia wapi?"

"Kushuka kivipi?"

"Kwenye baiskeli. Ni wapi unashuka ukaisukuma?"

Foibe akacheka. "Mbona ni kwingi! Korongoni nashuka, mchanga unafika hapa. Kwenye kile kilima cha mawe nashuka. Penye migunga nashuka kwa ajili ya miiba. Wakati mwingine najiuliza ni mimi nimepewa baiskeli au baiskeli imepewa mimi."

"Basi unatembea zaidi ya unavyoendesha," Sechelela akasema. "Na huko korongoni ndiko malori ya mchanga yanakopita."

Hakunitazama wala hakuitazama dainamo. Lakini nilielewa pale pale, na hilo ndilo jambo ninalotaka mlielewe kunihusu. Sikuhitaji kufundishwa. Mtu anayesukuma baiskeli kwenye mchanga, gurudumu likizunguka polepole kama jiwe la kusagia, dainamo yake haina kitu. Anakuwa gizani mahali pale pale anapohitaji kuonekana. Niliielewa hesabu yote kwa pumzi moja, nikaona aibu, na aibu ikageuka hasira, nikasema kwa sauti, "Baiskeli imetengenezwa kupandwa. Ya kusukumwa ni toroli."

Mzee Ndahani hakucheka. Alimwambia Sechelela, "Tengeneza, mwanangu, tuione."

Alitengeneza kwa siku nne. Alichukua kioo chekundu cha taa ya pikipiki iliyovunjika, vitaa vidogo vya tochi, na kopo la mafuta ya kujipaka kuwa nyumba yake, akaziba ukingo kwa mpira wa tyubu ili vumbi lisiingie. Ndani aliweka betri mbili kubwa za redio. Nilimuuliza kwa kejeli kwa nini asitumie zile ndogo za kisasa. Akajibu, "Kaka Yona, betri ndogo dukani kwa kina Foibe hakuna. Kubwa zipo, kila nyumba ina redio." Jambo hilo liandikeni kwa herufi kubwa: kabla ya kuuliza taa ina nguvu kiasi gani, uliza betri yake inauzwa wapi. Aliifunga chini, mwisho wa madigadi, kwa sababu aliona kwamba taa ikifungwa juu, sanduku la dawa au gunia linaifunika. Hilo nalo nilikuwa nimelikosea kwa baiskeli nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

Siku ya kupima, Mzee Ndahani alikuwa ndani akitafuta karatasi zake, macho yake yakiwa yameshaanza kuingia ukungu wa mtoto wa jicho. Nikachukua filimbi nikasimama langoni. Sechelela aliisukuma baiskeli kwa miguu hadi jiwe la tatu. Akasimama.

Niliiona. Nataka niandike bila kuzunguka: niliiona taa ile jiwe la tatu, nyekundu, imetulia, wazi kuliko taa yoyote niliyowahi kufunga mimi. Filimbi ilikuwa katikati ya meno yangu. Nikawaza jinsi mzee atakavyotoka na kucheka tena kwa meno yote. Nikawaza jina langu la dainamo. Nikanyamaza. Nilimsikia kwa mbali akihesabu, ana sauti inayosikika, hadi hamsini. Akarudi jiwe la pili. Hapo nikapuliza.

"Imeonekana wapi?" mzee aliuliza alipotoka.

"La pili, mzee."

Sechelela alikuwa amefika langoni, anahema kidogo. Alinitazama, akaitazama taa, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Filimbi haina mabishano. Kesho yake asubuhi dada Foibe aliondoka na dainamo yangu, nikamkagulia mwenyewe kila waya.

Haikupita wiki mbili. Foibe alikuwa anarudi, jua limeshazama, akiisukuma baiskeli korongoni, mchanga kwenye vifundo. Lori la mchanga likamgonga kwa nyuma. Hakufa. Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili na haukurudi kuwa mguu. Dereva alikuwa kijana wa watu, alilia zaidi ya ndugu zake Foibe. "Sikuona taa," alikuwa akirudia. "Walahi sikuona taa yoyote." Baiskeli ililetwa kwetu. Niliinua gurudumu la mbele nikalizungusha kwa mkono, na dainamo yangu ikawasha taa ya mbele. Ilikuwa nzima. Sijawahi kuchukia kifaa kizima kiasi kile.

Mzee Ndahani hakugombeza mtu. Jioni ya siku ya tatu alimwambia Sechelela aipeleke taa yake jiwe la tatu, ile ile, bila kuigusa. Safari hii alisimama langoni mwenyewe. Mzee ambaye ilibidi tumsomee barua, ambaye alikuwa akitusalimia kwa sauti zetu na si kwa sura, alisimama, akakunja uso, na akapuliza filimbi Sechelela akiwa bado hajasimama vizuri kwenye jiwe la tatu.

Akanigeukia. "Yona. Nenda ukapimwe macho."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Niliiona kama nilivyoiona taa. Lakini nilikwenda kweli hospitali, nikasoma herufi ukutani mpaka mstari wa chini kabisa, muuguzi akaniambia nina macho ya kijana. Nikatoka hapo nikapita mnadani nikanunua miwani ya vioo vitupu. Kesho yake nikaingia nayo karakana.

Basi, wadogo zangu, huyo ndiye Mzee Miwani wenu. Mmenijua nayo, mmenichora nayo kwenye ile kadi ya kuniaga. Miaka kumi na tisa nimevaa vioo visivyo na kazi, nikavifuta kila asubuhi, nikavinunua upya vilipovunjika. Mke wangu alijua wiki ya kwanza, kwa sababu nilikuwa naivua ili nisome Biblia. Hakuuliza. Na kwa kuwa Mungu naye ana mzaha wake, nilipopita miaka hamsini macho yalianza kunisumbua kweli kwa vitu vya karibu, na sikuwa na wa kumwambia, maana tayari nilikuwa na miwani.

Mzee Ndahani alistaafu mwaka uliofuata, akafariki kwake salama. Fundi mkuu akawa Sechelela. Mengine mnayajua. Kopo lake likawa taa ya kila baiskeli ya mradi, kisha zikaja taa ndogo za dukani, kisha za jua, kisha hizi za kuchaji kwa waya wa simu. Swali halikubadilika. Siku hizi wanakuja hata watumishi wa ofisi za serikali kule Mtumba, wamevaa kofia na viatu vya mazoezi, wanataka taa inayoangaza mpaka mbinguni. Waambieni taa ya mbele iinamishwe, iangaze njia hatua kama kumi mbele, isipofushe dereva anayekuja, kwa sababu dereva aliyepofuka anakuja moja kwa moja ulipo. Waambieni ya nyuma iwe nyekundu na iwake mfululizo, ile ya kumetameta inamchanganya mtu asijue uko karibu au mbali. Waambieni waifute vumbi. Waliolipia taa ghali kuliko wote ndio wenye taa chafu kuliko wote. Wa barabara ya Msalato, kwenye malori ya ujenzi, waongezeeni na kiakisi mwanga kwenye pedali, maana kitu kinachopanda na kushuka dereva anajua ni mtu. Lakini kwanza waulizeni wanashukia wapi. Swali hilo ni la Sechelela. Nimelitumia miaka yote hii bila kulitaja jina lake, na wengine wenu mnadhani ni langu. Nilipenda mdhani hivyo.

Mnafikiri baada ya lile la Foibe wivu ulikwisha? Uliongezeka. Ukishamdhulumu mtu, wema wake unakuwa mzigo. Tangu nivae miwani ile, Sechelela alikuwa akinisomea maandishi madogo kwenye maboksi ya vipuri. Aliniwekea meza yangu karibu na dirisha. Mkijifunza kusimama langoni, aliwaambia msinipangie mimi, nisije nikachoka macho. Kila huruma yake niliipokea na kumwonea wivu hapo hapo, kwa kuwa na moyo ambao mimi sikupewa. Na kila mwisho wa mwezi alikwenda kwa Foibe. Nilidhani ni kwa sababu ya ujirani wa Hombolo. Nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba Foibe anamwita "mdogo wangu".

Mwaka jana, tukiwa tunapanga vipuri, nilimuuliza mbona hakosi kwenda hata mwezi mmoja.

"Kaka Yona, ile jioni nilijua taa yangu iko sawa. Nilijua kabisa. Ningesema, mzee, naomba asimame mtu mwingine, tungerudia. Sikusema. Niliona labda macho yako yana shida, nikaogopa kukuaibisha mbele ya mzee. Basi nikanyamaza, na Foibe akaondoka na dainamo." Alifunga boksi. "Ule mguu ni wangu. Nimemwambia hivyo hivyo. Anasema ameshanisamehe, lakini mimi naona bado."

Nilikuwa nimeshika boksi la pedali. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Nikastaafu bila kusema kitu.

Hapa niliacha kuandika kwa siku nne.

Nilikuwa nimepanga kuwaandikia kurasa safi za dainamo na betri, niweke na picha. Lakini nikifika kwenye filimbi kalamu inagoma kuiruka. Leo alasiri nikachukua daftari nikaenda karakana, ninyi mkiwa mmeshatoka, nikamkuta Sechelela akifunga makabati. Akanikaribisha kigoda, kile kile cha Mzee Ndahani. Nikampa daftari. Akataka kunisomea kwa sauti, kwa mazoea, akidhani kuna mahali nimeshindwa kuona. Nikamwambia, "Soma kimya, dada."

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika pale nilipoandika habari ya langoni alikaa chini. Alisoma mpaka mwisho, akarudi nyuma kurasa mbili, akasoma tena.

"Jiwe la tatu," akasema.

"La tatu."

"Uliiona."

"Niliiona, dada Sechelela. Macho hayakuwa na shida. Hata sasa ya mbali hayana shida. Nilikuonea wivu."

"Miaka yote hii nakusomea maboksi."

"Ndiyo."

Sijui nilitegemea nini. Labda anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliondoka akaingia stoo, nikasikia anavuta vitu. Akarudi na lile kopo la mafuta ya kujipaka, limepauka, kioo chekundu kina ufa. Akaweka betri mbili kubwa. Haikuwaka. Akasugua chuma cha ndani kwa msasa kidogo, ikawaka. Akaifunga chini ya madigadi ya baiskeli yake, akatoa filimbi ukutani akaniwekea mkononi.

"Simama langoni," akasema. "Bila hiyo miwani."

Jua lilikuwa limezama, kuna wekundu kidogo upande wa Msalato. Alisukuma baiskeli polepole, sasa naye si msichana tena. Akapita jiwe la kwanza, la pili. Akafika la tatu akasimama, ananipa mgongo. Taa ilikuwa pale, ndogo, nyekundu, imetulia, kama ilivyokuwa.

Nikapuliza.

Hakugeuka. Akasogea mbele, akateremka korongoni, pale pale alipogongwa Foibe. Nikaiona bado. Nikapuliza tena. Akaanza kupanda ng'ambo ya pili, na mimi napuliza, taa inapungua lakini ipo, napuliza, mpaka mlinzi wa jirani akatoka kuuliza kuna wizi gani. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa sina mkono wa kuyafuta, maana sikutaka kuondoa filimbi mdomoni. Na niwaambie ukweli wote, hata katikati ya hayo niliwaza: sikuwahi kufunga taa inayofika huko.

Alichukua muda kurudi. Alifika langoni anahema, mchanga umejaa viatuni, mabega yake yameshuka kama mtu aliyetuliwa kreti za zabibu. Hakunipa mkono. Hakusema amenisamehe, na sikuuliza. Alining'iniza filimbi ukutani, akafunga karakana, akanirudishia daftari.

"Wape vijana walisome lote, usitoe hata ukurasa," akasema. "Na kesho saa mbili asubuhi uwe hapa na baiskeli yako. Tunakwenda kwa Foibe. Safari hii utaongea wewe."